Mwache Amalize

Kompyuta ilifika kwa Mzee Mulama kabla ya mposaji mwenyewe.

Ililetwa kwa mkokoteni kutoka mtaa wa Jericho, imefunikwa blanketi la kijivu na kufungwa kamba kama mbuzi wa soko la Kiamaiko. Majirani wa Makongeni, ambao Jumamosi huwa hawana kazi kubwa kuliko kuchungulia mambo ya wenzao, wakatoka vibarazani. Mmoja akasema hiyo ni televisheni ya mahari. Mwingine akasema televisheni gani, hiyo ni cherehani. Senje Nekesa, dada yake Mzee Mulama, aliyekuja tangu asubuhi kusaidia mapishi na kutafuta makosa, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Ni nini hiyo?"

"Ni kompyuta, senje," Rozi, binti aliyekuwa anaposwa, akajibu huku akifungua kamba.

"Ya nini? Tunaposwa ama tunafungua ofisi?"

"Ni ya Walter. Ndiyo anayosemea."

"Ndiyo anayosemea!" Senje akapiga makofi mara moja na kuwageukia majirani, utadhani wao ndio mahakimu. "Mmesikia? Mimi nilipoolewa, mtu alikuja na mdomo wake."

Rozi aliendelea na kamba yake. Angeanza kujibu saa hiyo, wangeshinda mlangoni hadi wageni wafike. Yeye na Ooko, yule jirani wa Jericho aliyekuwa ameandikwa kumsaidia Walter kuoga, kuvaa na kula, wakaibeba kompyuta hadi sebuleni. Wakaondoa vitambaa vya mama vya kufuma, wakashusha redio, na kioo cha kompyuta kikaketi juu ya meza ya Mzee Mulama, kikiwa kimeelekezwa kwenye kiti chake hasa.

Sasa, kama humjui Rozi, jina lake kamili ni Roseline Khavere, na kazi yake ilikuwa kufundisha kompyuta katika kituo kidogo cha watu wenye ulemavu huko Shauri Moyo. Mdomo alikuwa nao, na haraka vilevile. Akikuuliza swali, jibu alikuwa nalo tayari, na kama ulichelewa kulitoa alikutolea yeye. Wanafunzi wake walimpenda hivyo hivyo.

Walter Kweyu aliletwa kituoni mwaka ule wa mvua ya El Nino, magurudumu ya kiti chake yamejaa matope. Alizaliwa na viungo visivyomtii. Akili ilikuwa timamu, pengine kali kuliko ya wengi, lakini mikono ilikwenda itakako yenyewe, miguu haikumbeba, na ulimi ulikuwa mzito hivi kwamba mtu asiyemzoea alisikia mngurumo tu. Shuleni alisoma kwa kusikiliza na kukariri. Kuandika alikuwa hajaandika kitu maishani isipokuwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Rozi alijaribu hili na lile. Kidole kiliteleza. Goti likachoka. Mwisho akaenda kwa mchomeleaji mmoja karibu na Soko la Burma, akamwomba ule mkanda wa kichwani unaoshika kinyago cha kuchomelea vyuma, na juu ya paji la mkanda pakatiwa kijiti chepesi cha alumini chenye mpira nchani. Walter alivaa mkanda, akainamisha kichwa, na kijiti kikabonyeza herufi. Ili kisiteleze kwenye herufi jirani, Rozi alikata bamba la plastiki lenye matundu na kulilaza juu ya kibodi, kila kitufe na tundu lake. Kisha akaitengeneza kompyuta ili ukibonyeza Shift na kuiachia, yenyewe ibaki ikingoja kitufe cha pili, kwa maana mtu wa kijiti kimoja hawezi kubonyeza viwili pamoja.

Mtu wa vidole kumi atasema haya ni mambo madogo. Walter Kweyu aliandika jina lake siku hiyo, akaliangalia, akalifuta, akaliandika tena. Sasa nusu ya Jericho ilimletea yeye programu za harusi na za mazishi azipange na kuzichapisha, na kazi yake haikuwa na kosa.

Na mapenzi je? Mapenzi yaliingia kwa ugomvi. Rozi alikuwa akisimama nyuma ya bega lake na kusoma, na Walter akifika katikati ya neno, Rozi ameshamjibu. Siku moja akaandika NGOJA, na Rozi, alipoona NGO, akasema, "Sawa, nangoja, endelea." Walter alicheka hadi Ooko akaja kumshika asianguke kitini. Alipotulia alimwinulia Rozi macho na kumtazama, na macho yale hayakuwa na haja ya kijiti. Rozi akasikia joto shingoni. Kuanzia siku ile alianza kuvaa herini akienda kazini.

Lakini Alhamisi ya wiki hii ya posa waligombana kweli. Rozi ndiye aliyeanza.

"Usilete kompyuta, Walter," alisema. "Fikiria. Posa ndiyo mkutano pekee duniani ambao bwana harusi hatakiwi kusema. Anakaa kimya, mjomba wake anasema. Mungu ametupa nini zaidi?"

BABA YAKO ATANIULIZA, kijiti kikaandika.

"Hatakuuliza. Ni desturi. Na akikuuliza, mimi niko hapo, nitakusemea."

HAPANA.

"Hapana nini? Kwani nimewahi kukosea?"

Kijiti kilikaa hewani kwa muda. HUKOSEI, kikaandika. NDIYO SHIDA.

Rozi alikasirika, akaenda kufunga madirisha ambayo yalikuwa yamefungwa tayari. Neno lile hakulielewa, na kwa kuwa hakulielewa alilisahau. Hilo ndilo lililomponza.

*

Wageni wakafika. Mzee Opicho, mjomba wa Walter, alikuwa na kofia mkononi na koti la suti lililonuka vidonge vya nondo. Ooko akakisukuma kiti cha Walter na kukipandisha kizingiti. Walter alikuwa na shati jeupe na tai ya buluu, amenyolewa vizuri, na Rozi alipomwona roho ilimruka kidogo, hata akasahau kwamba walikuwa hawajapatana sawasawa tangu Alhamisi.

"Karibuni, karibuni," mama yake Rozi akasema. "Walter, karibu mwanangu."

Walter akajibu. Mama akatabasamu na kumwangalia Rozi.

"Anasema shikamoo mama, na asante," Rozi akasema.

"Marahaba, baba."

Chai ikaja. Ooko akamnywesha Walter kwa mrija, akamfuta kidevu kwa leso. Mzee Mulama, kwenye kiti chake, aliangalia yote hayo bila kupepesa. Alikuwa gadi wa treni za Kisumu hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi na kupeperusha bendera treni iondoke, na mtu aliyemfanya angoje kwa miaka yote ile hakumsahau. Rozi alimjua babake. Alijua pia alichosema jikoni wiki iliyopita, maana alikisema kwa sauti ili asikie: "Huyo kijana hatafuti mke. Anatafuta nesi asiyelipwa. Na mimi sikusomesha nesi."

Desturi ilimtaka Rozi akae jikoni na akina mama hadi aitwe. Yeye alivuta stuli akaketi kando ya kompyuta, goti kwa goti na kiti cha Walter. Senje Nekesa alichungulia kwenye pazia lililotenga jikoni na sebule.

"Wewe Rozi. Msichana anayeposwa hukaa hapo?"

"Nasaidia tu, senje. Watamwelewaje?"

"Aibu," Senje akasema, na pazia likaanguka.

Mzee Opicho akasafisha koo. Akaanza mbali, kama inavyotakiwa. Akasema walikuwa wanapita tu. Akasema walipokuwa wanapita waliona boma zuri. Akasema katika boma zuri waliona ua. Alikuwa anaelekea kusema ua lile ni la rangi gani Mzee Mulama alipoinua mkono.

"Opicho, ndugu yangu. Nimekusikia. Umesema vizuri. Sasa nataka kumsikia mwenye shida."

"Lakini mzee, desturi ni kijana anyamaze."

"Desturi pia ni binti yangu awe jikoni, na huyo hapo amekaa mbele yangu kama diwani. Tukivunja, tuvunje zote." Akamgeukia Walter, na bila kupandisha sauti, maana watu wengi huwapigia kelele watu kama Walter wakidhani ni viziwi, akauliza: "Kijana, nitakuuliza swali moja, na jibu lako ndilo litakalonifanya niendelee na hawa watu au niwaambie wanywe chai waende. Unataka mke, ama unataka yaya?"

Jikoni hata kijiko hakikulia.

Ooko alimvika Walter mkanda, akaukaza, akarudi nyuma. Walter akainamisha kichwa. Kijiti kikaingia kwenye tundu la kwanza, tak. Ikatokea S, kubwa, maana Walter aliandika kwa herufi kubwa ili wazee wasome wakiwa vitini mwao. Tak, I. Shingo ikatikisika, kijiti kikagonga plastiki na kurudi, bamba likafanya kazi yake. Tak, T.

Mzee Mulama akaangalia saa ya ukutani.

Rozi aliiona ile shingo ya babake ikigeukia saa. A. K. I. Akamwona babake akishusha pumzi. Akamwona Mzee Opicho akizungusha kofia. Jamani, si alijua jibu! Alilijua lote, mwanzo hadi mwisho. Kijiti kikaingia kwenye Y, na Rozi akashindwa.

"Anasema hataki yaya, baba," akasema mbio mbio. "Anataka mke. Ananipenda, na mimi nampenda, na ana kazi yake, nyumba analipa mwenyewe, na Ooko ndiye anayemsaidia mambo ya mwili, mimi sitakuwa nesi wa mtu, na hata kanisani..."

"Nimemuuliza yeye," Mzee Mulama akasema.

"Lakini ndivyo anavyosema! Angalia, ameandika sitaki, na hiyo ni Y ya..."

Kijiti kilikuwa kimesimama. Walter aliinua kichwa polepole, akamgeukia, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira. Rozi alikuwa hajawahi kuuona vile. Walter akafungua kinywa na kusema, kwa ulimi wake mwenyewe, maneno machache.

Wengine walisikia mngurumo. Rozi alisikia kila neno.

"Amesema nini?" Mzee Mulama akauliza.

Ooko, aliyejua lugha ya Walter kidogo kidogo, aliangalia viatu vyake. Mzee Opicho alimwangalia Rozi, mama alikuwa ameshika pazia akimwangalia Rozi, na Walter naye alimwangalia, macho makavu.

Angeweza kusema chochote. Hilo alilifikiria, tusidanganyane. Angeweza kusema ameomba maji, na akaenda kuyaleta, na akarudi akakaa pale pale, na dunia ingeendelea. Nani angejua? Walter angejua.

"Amesema," Rozi akaanza, kisha akaanza upya. "Amesema, 'Rozi, toka nje. Si wewe uliyeulizwa.'"

"Amekwambia wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hapa kwangu?"

"Ndiyo."

Mzee Mulama akaegemea kiti. "Na sasa unangoja nini?"

Rozi akainuka. Alipofika kwenye pazia hakugeuka, kwa sababu angegeuka angelia mbele yao, na hilo asingewapa.

*

Jikoni kulikuwa na sufuria mbili za wali, nyama ya Soko la Burma ikichemka, na kuku wa kienyeji, jogoo mzima aliyesafiri kutoka nyumbani Butere kwa ajili ya siku hii. Rozi aliketi juu ya jerikeni akajifuta uso kwa kanga ya mamake.

"Haya," Senje Nekesa akasema kwa mnong'ono uliofika nje. "Bado hajakuoa, ameshakufukuza kwenu. Na miguu hana!"

"Nekesa, acha," mama akasema.

"Nimesema uongo?"

"Mama, nilikuwa namsaidia," Rozi akasema. "Ulimwona baba akiangalia saa? Angesema basi, hapo hapo. Ningefanya nini?"

Mama alikuwa anageuza nyama. Alikuwa mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu bintiye aliyachukua yote. "Ulisema uongo?"

"Hapana! Ni kweli tupu."

"Basi kama ni kweli si angeisema mwenyewe."

"Angechelewa."

"Angechelewa wapi? Ana treni?"

Likamrudia Rozi lile neno la Alhamisi: hukosei, ndiyo shida. Tangu azaliwe, Walter alikuwa amesemewa. Mamake alimsemea, walimu, mapasta waliomwombea bila kumuuliza anataka nini. Yeye Rozi ndiye aliyekata plastiki kwa mikono yake ili mtu huyu aseme mwenyewe, na leo, siku ambayo neno lake lilikuwa na uzito kuliko siku zote, alilichukua kinywani mwake akakimbia nalo. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Na chini ya aibu ilikuwapo hofu: kwamba Walter ameshachoka naye, na kwamba hicho anachokiandika sasa hivi ni kwaheri.

Maana alikuwa anaandika. Tak. Kimya. Tak, tak. Kimya kirefu. Plastiki ikagongwa, kijiti kikarudi, tak.

Rozi alimngoja babake aseme "basi." Hakusema. Chai ya Mzee Opicho ilipoa, sauti ya kuinywa ikakoma. Watoto wa nje walicheza mpira, ukagonga ukuta, wakafukuzwa na jirani, wakarudi. Mama akaepua wali. Tak. Tak. Hata Senje Nekesa alikuwa ameacha kunung'unika na kuweka sikio kwenye pazia, mwiko mkononi.

"Anaandika Biblia?" akanong'ona.

Kisha kijiti kikanyamaza. Kiti cha Mzee Mulama kikalia, akawa anasogea karibu na kioo. Akavaa miwani, walimsikia akifungua kile kikasha chake cha bati. Akaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma magazeti.

"'Sitaki yaya. Yaya ninaye. Ni Ooko, na anakula kunishinda.'"

Mzee Opicho akacheka, akajizuia. Mzee Mulama akaendelea.

"'Mzee, binti yako ana haraka. Ana mdomo. Anadhani anajua yote nitakayosema. Mara nyingi anajua. Lakini hili nilitaka kulisema mwenyewe, ndiyo maana nimemtoa, na nitamwomba msamaha kwa kumtoa mbele ya watu.'" Akapumua. "'Watu wengine hunisubiri kwa huruma. Wanatikisa kichwa. Nikimaliza wanasema vizuri sana, hata kama nimewatukana. Rozi hanihurumii. Ananikatiza, ananipinga, ananigombeza. Nina miaka thelathini. Tangu nizaliwe...'"

Mzee Mulama akaacha kusoma hapo. Jikoni Rozi alikuwa ameinuka kutoka kwenye jerikeni bila kujua.

"'Tangu nizaliwe,'" babake akasoma tena, polepole zaidi, "'hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na haraka ya kunisikia. Ndiyo maana nataka mke, na nataka huyo.'"

Rozi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka tu, yakapita katikati ya vidole. Mama akamshika kiuno.

Sebuleni Mzee Mulama alivua miwani, akaifuta, akairudisha kikashani, na alipoanza kusema hakumwambia Walter kitu. Alimwambia Mzee Opicho.

"Opicho, huyu msichana nimemlea mwenyewe. Tangu aanze kusema, hakuna mtu aliyewahi kumnyamazisha katika nyumba hii. Mimi nimejaribu. Pasta amejaribu. Leo nimeona mtu akimwambia toka, na akatoka." Akakohoa. "Na tena angeweza kutuambia kijana ameomba maji. Sisi tungejuaje? Aliyasema maneno ya mwenzake yalivyo, na yalikuwa yanamchoma yeye mwenyewe. Hilo pia nimeliona."

"Umeona vizuri, mzee," Mzee Opicho akasema kwa tahadhari.

"Mama Rozi!"

"Abe!"

"Firigisi iko wapi?"

Mama akaangalia lile bakuli la udongo lililofunikwa sahani, ambalo huwa la mzee peke yake. "Iko hapa. Kwenye bakuli lako."

"Iweke kwenye sahani ya Walter."

Senje Nekesa aliangusha mwiko.

Mtu wa kwingine atasema ni kipande cha kuku tu. Lakini kwa watu wa Butere, firigisi ya jogoo haikatwi wala haigawanywi ovyo. Ni ya mwenye nyumba. Katika nyumba ya Mulama alikuja askofu akala paja. Walikuja wakubwa wa reli wakala kidari. Shemeji zake walioa dada zake, na hadi leo firigisi ya nyumba ile walikuwa wameisikia kwa harufu. Senje Nekesa, aliyekuwa mmoja wa hao dada, alimwangalia mama, na mama akamwangalia yeye, na wote wawili wakamwangalia Rozi.

"Jifute uso," Senje akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Hutapeleka chakula cha mumeo na kamasi."

*

Aliingia na sahani. Hakuthubutu kumwangalia Walter. Akaiweka mezani mbele yake, kando ya kibodi, na kusimama mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Roseline," babake akasema, akimwita jina la kanisani kwa kuwa jambo lilikuwa zito. "Watu hawa unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tukikubali maneno yao, kesho hutatugeuka ukatuaibisha?"

"Sitawaaibisha."

"Kuna lingine unataka kusema?"

Alikuwa na mengi. Yalijaa kinywani. Rozi akayameza yote. "Hapana, baba."

Mzee Mulama akainua nyusi. "Ajabu," akasema.

Walter akainamisha kichwa. Mkanda ulikuwa umemwachia alama nyekundu kwenye paji, na shati jeupe lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Tak. Kwenye kioo, chini ya yale yote aliyoyaandika, ikatokea N. Kisha A. Kijiti kikatikisika, kikatafuta tundu lake. K. Kikapumzika. U.

Jikoni pazia lilikuwa wazi kabisa sasa. "Nakupenda!" Senje Nekesa akapiga kelele, mikono kifuani. "Jamani, anasema nakupenda! Mbele ya wazee!"

"Nekesa, nyamaza," Mzee Mulama akasema, na hakuitazama saa. "Mwache amalize."

Rozi alikuwa anatazama kioo. Naye alikuwa amesoma hivyo hivyo, moyo umeshakwenda mbele na kuimaliza. Akauvuta nyuma. Akangoja. Kijiti kikazunguka juu ya bamba, kikapita P bila kuigusa, na kikaingia kwenye tundu la O.

M. B. A.

Herufi moja moja, sebule nzima ikiwa imenyamaza, Mzee Opicho ameinama mbele, Ooko anasoma kwa midomo. Rozi alisimama hapo hadi ya mwisho, na jambo lililomshangaza ni kwamba hakuchoka.

NAKUOMBA UNILISHE HIYO FIRIGISI. OOKO ANAIANGALIA VIBAYA.

Mzee Mulama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika mbavu, Ooko akaapa kwa mama yake kwamba hakuwa na nia mbaya, Senje akamwambia ana nia, ameona macho yake. Katikati ya kelele hizo Rozi alivuta stuli, akaketi goti kwa goti na Walter, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi wakatazamana.

"Nisamehe," akasema kwa sauti ya chini.

Walter akasema kitu kwa ulimi wake.

"Amesema nini?" Senje Nekesa akauliza.

"Muulize yeye, senje," Rozi akasema.

Akakata kipande cha firigisi kwa uma, akakipuliza, akakiinua. Hakukisukuma. Alikishika hapo karibu na midomo yake, mkono umetulia, akamngoja Walter afungue kinywa mwenyewe.